Maji ya Birika na Karanga za Shangazi

Mbukwenyi, wapendwa, nawasalimu kwa Kigogo chetu. Neema ya Mungu iwe nanyi nyote mliotoka majumbani na jua hili. Mama mchungaji aliponiuliza kama niko tayari nilimjibu ndiyo. Mimi si mtu wa kusimama mbele. Wengi wenu hamnijui hata jina, na siwalaumu, maana kwa karibu miaka miwili nilikuwa naingia humu ibada ikishaanza, nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na watu wakifumbua macho baada ya baraka mimi niko barabarani. Kuna mama mmoja aliniambia juzi kwamba alidhani mimi ni mgeni, kila Jumapili mgeni.

Sitataja jina la mtu leo. Kama kuna wa kusemwa, nitajisema mwenyewe.

Mimi ni fundi wa maabara hapa hapa mjini. Kwetu ni Kongwa. Wazazi wangu walitangulia nikiwa mdogo, nikalelewa na shangazi yangu, dada wa baba, mkulima wa karanga na uwele. Yeye hakujaliwa mtoto, kwa hiyo tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, na sikuwahi kuona kama tumepungukiwa. Mnisikilize vizuri hapo, kwa sababu huyu ndiye niliyemkosea.

Kazi yangu ngoja niieleze polepole, nikienda haraka watu hudhani nauza dawa. Aliyewahi kung'oa karanga anajua vile vinundu kwenye mizizi. Ndani yake wanaishi bakteria, vijidudu vidogo mno, ambavyo huchukua hewa na kuigeuza mbolea ya mmea. Udongo uliochoka hauna vya kutosha. Unaweza kuvipaka kwenye mbegu, lakini joto la Kongwa mnalijua, vinakufa kabla mvua ya pili haijanyesha. Kwa hiyo sisi tunavifunika. Tunavitia ndani ya vidonge vya jeli vilivyo kama chembe ya sukari, na kidonge kinavilinda mpaka mbegu iote.

Jeli yenyewe inatokana na unga wa mwani. Ukiukoroga kwenye maji unapata ute, tuseme kama mlenda. Ute huo ukigusana na kalsiamu unaganda hapo hapo. Siri sasa iko kwenye kulingana. Kidonge kikizidi ukubwa hakiachii vijidudu kwa wakati, kikiwa kidogo sana kinakauka navyo ndani. Ili vyote vitoke sawa tunatumia kipande cha plastiki angavu, ukubwa wa kiberiti, ambacho ndani yake kuna mifereji myembamba kama unywele. Katikati unapita ute, pembeni yanapita mafuta. Vinapokutana, mafuta yanaubana ute na kuukata tone kwa tone, kila tone sawa na lililotangulia, kisha matone yanadondokea kwenye bakuli la maji ya kalsiamu na kuwa vidonge. Siku kazi inapokwenda vizuri, ukiyatazama kwa hadubini, yanafuatana kama watoto wa chekechea walioshikana mashati. Niliipenda kazi hiyo, ndugu zangu. Nilikuwa nikiyatazama mpaka nasahau kula.

Tulianza tukiwa watatu. Wenzangu wawili wakapata nafasi za kusoma mbali, nikabaki peke yangu kwenye chumba cha mwisho cha korido. Kiongozi wa utafiti, ambaye mimi namwita Mwalimu, alikuwa na kazi nyingine nyingi, anakuja mara moja kwa wiki mbili tatu. Nina stashahada tu. Majirani zangu kwenye jengo lile ni watu wa shahada kubwa kubwa, wanaongea Kiingereza hata wakikanyagana. Wakipita mlangoni na kuniuliza, "Unaendeleaje?" nilikuwa najibu, "Salama kabisa," na wao wanaendelea na safari. Nikaanza kula mchana ndani, mlango umefungwa. Kuna wiki moja nilihesabu, siku tatu nzima neno pekee nililotamka kwa binadamu lilikuwa "nishushe hapo," kwa dereva wa bajaji.

Katika kipindi hicho mtambo wa kusafisha maji ukaharibika. Kazi hii haitaki maji ya bomba, inataka yale yaliyogeuzwa mvuke yakarudi kuwa maji, ambayo mafundi magari wanayaita maji ya betri. Jengo la pili walikuwa nayo. Ningechukua dumu, nikavuka ua, nikabisha hodi. Hatua mia, labda na kidogo. Lakini nilishaanza kuogopa kubisha hodi. Niliona wataniuliza, huyu fundi gani mtambo umemfia mikononi. Nikasema moyoni, maji ni maji, nitayasafisha mwenyewe.

Basi nikafanya kama nilivyolelewa. Nyumbani kwa shangazi maji ya kuaminika ni yaliyochemka sawasawa, yakaachwa yatulie, yakachujwa kwa kitambaa cheupe. Nikaleta birika langu, nikachemsha, nikaacha yatulie, nikachuja, tena mara mbili. Yalikuwa yanang'aa. Nikakorogea ute wangu na kusuuzia mifereji yangu kwa maji hayo, na nikajisifu kwamba mtu wa Kongwa hashindwi na kitu.

Wiki ile ile kazi ikaharibika. Ute ukawa na madonge. Mifereji ikaziba, nikizibua hapa inaziba pale. Tone moja linatoka kubwa, la pili dogo kama vumbi, la tatu lina mkia kama kiluwiluwi. Nilibadilisha pampu, nikabadilisha mafuta, nikaagiza unga mwingine wa mwani. Nilifunga na kuomba kwa ajili ya kipande cha plastiki, msinicheke. Kila jioni nilisuuza mifereji kwa maji yangu masafi ya birika, na kila asubuhi nilikuta imeziba zaidi.

Sasa nawaambia nilipoangukia.

Mvua zilikuwa karibu. Sisi msimu wetu wa mvua ni mmoja kwa mwaka, ukikupita umepitwa. Mwalimu akapiga simu, akasema, "Nitumie picha ya vidonge, nione kama vimelingana, tupeleke shambani." Shamba lilikuwa limeshapatikana, na lilikuwa la shangazi yangu. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wakulima kule. Wenzake walikuwa wagumu, wanasema hawaweki wadudu kwenye ardhi yao. Shangazi akawaambia, "Huyu ni mtoto wangu, nimemlea mimi, hawezi kuniletea kitu kibaya." Akatoa kipande chake bora, kile kinachopakana na nyumba, ili kila apitaye aone.

Niliweka vidonge chini ya hadubini. Nikachukua sindano. Nikavisukuma vilivyo vibaya pembeni, kimoja kimoja, na vizuri nikavipanga katikati vikakaa kama shanga. Nikapiga picha. Ilinichukua asubuhi nzima. Mwalimu akajibu, "Kazi nzuri sana." Nilikuwa sijasikia neno zuri kutoka kwa mtu yeyote kwa miezi mingi, na nitakuwa mwongo tena nikiwaambia kwamba halikuniingia. Nililisoma mara nyingi.

Nikapeleka vidonge Kongwa, vizuri na vibaya vikiwa kwenye chupa moja. Shangazi alinipokea kwa ugali wa uwele na mlenda, akakaa akaniangalia nikila. Akapanda kama nilivyomwelekeza, kwa kupima na kamba, hakukosea hata shimo. Mimi nikarudi mjini.

Mwezi wa pili akanipigia. Karanga zilikuwa zimeota mabakamabaka. Hapa kijani, hapo njano, hapa zimedumaa. Kina mama wakipita wanamtania, wanaziita karanga za wasomi. Aliyasema haya akicheka kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nisamehe. Nadhani nilifukia vidonge chini sana. Nimekuharibia kazi yako."

Wapendwa, pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja lingetosha. Mimi nikasema, "Usijali, shangazi, hutokea."

Baada ya hapo sikuweza tena kuisikia sauti yake. Alipopiga niliiacha simu ilie mpaka inyamaze yenyewe, halafu naandika ujumbe: niko kwenye kazi, nitakupigia. Sikupiga. Pasaka sikwenda. Mtu pekee duniani anayeniita mwanangu, na mimi namkwepa kama anayenidai. Hapa kanisani mlikuwa mnasalimiana kwa kukumbatiana baada ya ibada, nami naharakisha kutoka, kwa sababu niliogopa mtu akinishika bega nitasema yote. Jumamosi nilikuwa naenda maabara bila kazi yoyote. Nawasha pampu ili kuwe na kitu kinachotoa sauti chumbani. Nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kuona ni jambo la kawaida, kwamba hivi ndivyo mtu mzima anavyoishi.

Kisha ikaja ripoti. Mwalimu alikuja na kompyuta yake, akanionyesha sehemu ya Kongwa, akitaka nihakikishe kabla hajaituma. Alikuwa ameandika kwamba vidonge vilikuwa na ubora uliotakiwa, na kwamba mavuno hafifu yametokana na mkulima kutofuata maelekezo ya upandaji. Mbele ya sentensi hiyo lilikuwepo jina la shangazi yangu. Alipendekeza msimu ujao shamba litafutwe kwingine. Hakuandika kwa ubaya. Aliandika kutokana na picha yangu.

Nililitazama lile jina. Shangazi hakusoma sana, jina lake huliandika taratibu, herufi kwa herufi, ulimi ukiwa umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Na hapo limeandikwa vizuri, kwa mashine, kama jina la mtu mzembe.

Nikasema, "Mwalimu, ile picha niliipanga."

Akasema, "Uliipanga vipi?"

"Kwa sindano. Vibaya nilivisogeza, nikapiga picha vile vizuri peke yake. Vibaya ndivyo vilivyokuwa vingi."

Alirudi kwenye kompyuta akaifungua ile picha. Mimi nilishajua kazi imekwisha. Akauliza, "Shangazi yako anajua?" Nikasema hajui, anadhani kosa ni lake. Hilo ndilo lililombadilisha uso. Akafunga kompyuta akasema, "Niwashie mashine. Fanya kila kitu kama unavyofanya siku zote, tangu mwanzo. Chukulia mimi sipo."

Nikaanza. Nikachukua birika.

"Hilo la nini?"

"La maji ya kukorogea ute, Mwalimu. Na ya kusuuzia. Mtambo uliharibika zamani, nachemsha mwenyewe."

Akalichukua birika, akalifungua, akakwangua ndani kwa ukucha. Akanionyesha kidole. "Na hiki cheupe ni nini?"

"Ni chokaa ya maji tu. Birika gani la Dodoma halina hiyo?"

Alisubiri niyasikie maneno yangu mwenyewe. Na niliyasikia, jamani. Chokaa ni kalsiamu. Ile ile inayogandisha ute kuwa jeli. Kuchemsha kunaua vijidudu, na chokaa kidogo inabaki ukutani mwa birika, lakini nyingine inabaki ndani ya maji na wala haijali kitambaa chako cheupe. Nilikuwa nagandisha jeli yangu mwenyewe ndani ya mifereji kabla mafuta hayajaikata, na kila nilipoosha nilikuwa naongeza ugonjwa. Jambo hilo nilifundishwa darasani na nikajibu kwenye mtihani. Ila maji haya nimeyanywa tangu nizaliwe, sikuyafikiria kama ni kitu.

Naona mama pale ananitazama kama anayesema, hata mimi ningekwambia, mbona kwa maji haya sabuni haitoi povu? Ni kweli, mama. Ungeniambia. Yeyote kwenye jengo lile angeniambia, mfagizi, mlinzi, wale wa Kiingereza. Sikumuuliza mtu, kwa zaidi ya mwaka.

Mwalimu hakunifukuza. Alinipa barua ya onyo, nimeitunza. Akaniambia nitaandika upya sehemu ya Kongwa kwa mkono wangu, na kabla ya kuituma nitakwenda kumweleza mwenye shamba uso kwa uso.

Nilipanda gari la asubuhi. Nilimkuta shangazi barazani anabangua karanga, zile zile chache. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunyanyua macho, akanisogezea ungo ili nisaidie. Nikabangua na yeye, na nikiwa nabangua nikamwambia yote. Picha, sindano, chupa, birika. Nilipofika kwenye simu zake nikashindwa.

Alimaliza ungo mzima kwanza. Ndipo akasema, "Karanga hufa, nimezika karanga nyingi katika maisha haya. Wewe nilidhani unaumwa. Nilidhani una ugonjwa ambao hutaki niujue. Nimelala na mawazo hayo msimu mzima."

Nililia nikiwa nimeshika ungo. Hakunibembeleza, na sikustahili kubembelezwa. Baadaye aliingia ndani akasonga ugali, tukala. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka njiani, lakini hakuniita mwanangu siku ile.

Niwafupishie. Msimu uliofuata nilivuka ule ua na dumu langu. Nilibisha hodi, mlango ukafunguliwa na mtu ambaye tulikuwa tumesalimiana kwa miaka bila kujuana, akasema, "Chukua, na kesho njoo tena." Imekuwa ndiyo namna yetu ya kuonana, na mchana sasa nala naye. Mifereji ilikaa wazi. Vidonge vikatoka sawa, nikapiga picha vyote, na vichache vilivyopinda nikaviacha hapo hapo vionekane. Shangazi alinipa tena ardhi, ila si kile kipande cha karibu na nyumba. Alinipa ukanda wa mwisho, kule kwenye mpaka. Karanga ziliota kijani mstari mzima. Za kwake zisizo na vidonge, kando yake, zilikuwa nzuri pia, mwaka huo mvua ilikuwa ya kutosha, kwa hiyo sitawadanganya kwamba vidonge vilifanya muujiza. Bado tunapima.

Upweke haujaondoka wote. Kuna jioni unarudi, unakaa nami mezani. Tofauti ni kwamba sasa nikiulizwa hali sijibu salama kama si salama.

Nawashukuru wafuatao. Mwalimu wangu, ambaye ni Mwislamu wa Kondoa na hayupo hapa, lakini Mungu anamjua. Mwenzangu wa jengo la pili. Mama mchungaji, ambaye Jumapili moja alinisubiri nje ya mlango, upande wa barabarani, akaniambia, "Leo umenikuta." Na nyinyi mlioniachia nafasi kwenye benchi bila kunihoji. Somo langu ni dogo tu. Ukiona kazi yako inaziba na hujui kwa nini, mwonyeshe mtu mwingine jinsi unavyoifanya, tangu hatua ya kwanza, hata ile unayoona haina haja ya kuonyeshwa. Na ukiona mtu amechukua kosa lako mgongoni, usimwache alibebe hata siku moja.

Kabla sijakaa, kuna kipande nimekiruka kwa makusudi, maana ningekisimulia katikati nisingefika mwisho. Shangazi alikuwa ameniambia, "Mimi nimesikia. Sasa wenzangu nao wasikie." Kwa hiyo nilirudi siku ya kikao cha kikundi chao. Nilisimama mbele yao kama ninavyosimama hapa, nikiwa na ile karatasi ya ripoti niliyoandika upya, nikawasomea. Nikafika pale panaposema: "Mkulima alifuata maelekezo yote. Kosa lilitokea maabara, na aliyelifanya ni mimi."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, anatazama mikono yake. Akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

Akasema, "Na jina langu lipo?"

Nikasema lipo. Nikaisoma mara ya tatu, kwa sauti, nikaanza na jina lake lote, la kwake na la baba yake, na hapo ndipo alipoinua uso akawatazama wenzake, mmoja mmoja.